Aoaye na Aolewaye: Mabadiliko ya Maana ya Ufeministi Yakitazamwa kutoka Fort Ternan

1. Utangulizi

Fort Ternan ni kituo kidogo cha reli magharibi mwa Kenya, chini ya miinuko ya chai ya Kericho. Jina lake latokana na ngome iliyoitwa kwa heshima ya Trevor Ternan, afisa wa Kiingereza aliyekaimu ukamishna wa Uganda mwishoni mwa karne ya 19. Reli ilipita hapo ikielekea ziwani, ikafika Kisumu mwaka 1901. Wataalamu wa mambo ya kale wapajua mahali hapa kwa sababu ya mabaki ya viumbe wa jamii ya nyani, yenye umri upatao miaka milioni 14, ambayo Louis Leakey alianza kuyachimbua mwaka 1961. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha na jamii Fort Ternan ina umuhimu mwingine. Hapa ndipo nchi ya Wakipsigis, ya Wanandi na ya Wajaluo zinapokaribiana, na ndipo mipaka ya kaunti za Kericho, Nandi na Kisumu inapopita.

Mwanzoni mwa Agosti 2019 alizikwa hapo Dkt. Joyce Laboso, Gavana wa Bomet, aliyefariki tarehe 29 Julai mwaka huo. Alikuwa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini Kenya, katika uchaguzi wa Agosti 2017. Kabla ya hapo alikuwa Mbunge wa Sotik tangu mwaka 2008, kisha Naibu wa Spika wa Bunge la Taifa kuanzia 2013, na kabla ya siasa alifundisha Chuo Kikuu cha Egerton. Alizaliwa Mkipsigis, mumewe ni Mjaluo, na kaburi lake liko kwa mumewe, upande wa Kisumu, wala haliko Bomet alikotawala. Katika kampeni zake wapinzani waliigeuza ndoa hiyo kuwa hoja dhidi yake: ameolewa kwingine, basi na aende akatafute kura huko alikoolewa. Wapiga kura wa Bomet waliikataa hoja hiyo. Hata hivyo hapakuwa na haja ya kumfafanulia mtu ye yote maana yake; walioikubali na walioikataa waliielewa kwa namna moja. Kwa mwanamume, swali la mahali alikooa halimwondolei uenyeji wake. Kwa mwanamke, mahali alikoolewa panaweza kumfanya mgeni katika nchi aliyozaliwa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya dhana ya ufeministi na mabadiliko ya maana yake, yakianzia katika tofauti hiyo ndogo ya kisarufi kati ya kuoa na kuolewa. Tutapinga rai mbili ambazo husikika mara kwa mara katika mijadala yetu. Ya kwanza yadai kwamba ufeministi ni jambo la kigeni lisilo na mizizi katika jamii zetu. Ya pili yadai kwamba wazee wetu walikuwa wafeministi kabla ya neno lenyewe kuzaliwa. Ushahidi kutoka nchi inayoizunguka Fort Ternan hauziungi mkono rai hizi. Waonyesha kwamba jamii ilimjua vema mwanamke mwenye mali na mamlaka, ila kwa sharti moja: asiitwe mwanamke.

2. Neno na safari yake

Mara nyingi husemekana kwamba neno hili lilibuniwa na Charles Fourier, mwanafalsafa wa Kifaransa wa mwanzo wa karne ya 19. Wanahistoria waliolitafuta katika maandishi yake hawakulipata. Matumizi yake ya awali yanayojulikana yalikuwa ya kitabibu. Mwaka 1871 mwanafunzi wa udaktari wa Kifaransa, Faneau de la Cour, alilitumia katika tasnifu yake juu ya wagonjwa wa kifua kikuu, akimaanisha hali ya mwanamume ambaye mwili wake umeonyesha dalili za kike. Katika miaka ya 1880 Hubertine Auclert, mpigania kura wa Paris, aliligeuza liwe jina la madai ya wanawake ya haki za uraia, na kuanzia miaka ya 1890 likaenea katika Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya. Kwa hiyo neno ambalo leo ladai heshima ya mwanamke lilianza kwa kutaja upungufu wa mwanamume. Tulikumbuke jambo hili, kwani tutakutana na kinyume chake huku kwetu.

Madai yenyewe, bila shaka, yalilitangulia jina. Olympe de Gouges aliandika tamko lake la haki za mwanamke mwaka 1791, na Mary Wollstonecraft akatoa kitabu chake mwaka 1792. New Zealand iliwapa wanawake kura mwaka 1893. Uingereza iliwapa baadhi yao mwaka 1918, na wote waliotimiza umri sawa na wanaume mwaka 1928. Katika kipindi hiki maana kuu ya ufeministi ilikuwa kura na sheria. Katika miaka ya 1960 na 1970 maana ilipanuka ikaingia nyumbani, ikagusa uzazi, kazi isiyolipwa, na mwili wenyewe.

Waandishi wenye asili ya Afrika waliipokea maana hiyo pana kwa tahadhari. Alice Walker wa Marekani alieneza jina lake mwenyewe la kuwatofautisha wanawake weusi katika kitabu chake cha mwaka 1983. Chikwenye Okonjo Ogunyemi wa Nigeria alitoa wazo linalokaribiana na hilo mwaka 1985. Na Molara Ogundipe-Leslie, naye wa Nigeria, alipendekeza mwaka 1994 jina linalosisitiza ushiriki wa mwanamke katika mageuzi ya jamii. Mgogoro wao ulikuwa wa jina, lakini chini yake palikuwa na swali zito zaidi: je, mwanamke anayetetewa na neno hili ni yupi?

Kiswahili nacho kimepitia majina kadhaa, na kila jina limeleta swali lake. Haki za wanawake ni msamiati wa mahakama. Huuliza sheria yasemaje. Maendeleo ya wanawake huuliza ni nani aliyebaki nyuma, na kwa hiyo laweza kutamkwa hata na mtawala asiyetaka kubadilisha lo lote. Ukombozi wa wanawake una ukali zaidi, kwani kukomboa, kwa maana yake ya asili, ni kulipa ili kurudisha mtu au kitu kilichowekwa rehani. Asemaye ukombozi amekwisha kusema kwamba mwanamke aliwekwa rehani, na hana budi kueleza ni nani aliyemweka. Jinsia, lililotokana na shina lile lile la jinsi, yaani namna au aina, lilianza kwa kutaja tofauti ya kimaumbile. Tangu miaka ya 1990, hasa baada ya mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, limebebeshwa maana ya tofauti iliyoundwa na jamii. Siku hizi mtu huweza kusikia mradi wa jinsia ukimaanisha mradi wa wanawake tu, kana kwamba wanaume hawana jinsia.

Ufeministi lenyewe lina umbo la kuvutia. Limejengwa juu ya jina la mtu, feministi, likatiwa kiambishi u-, kama tulivyofanya katika ukomunisti. Ujamaa ulijengwa juu ya neno jamaa, ambalo kila mtu alikuwa nalo nyumbani kwake. Ufeministi umejengwa juu ya mtu ambaye msikilizaji huenda hajawahi kumwona. Yamkini ndiyo sababu mjadala wetu juu ya dhana hii huishia haraka katika kumjadili mtu: ni mwanamke wa aina gani huyu? Ameolewa? Hatuulizi maswali hayo juu ya mtu adaiye haki za binadamu.

3. -ke na -ume, kuoa na kuolewa

Ngeli za Kiswahili hazitenganishi kike na kiume, na kiwakilishi yeye hakina jinsia. Wapo waliojivunia jambo hili wakaona kwamba lugha yetu ni ya usawa. Sifa hiyo ni ya haraka mno. Lugha isiyoweka jinsia katika kiwakilishi yaweza kuiweka katika kitenzi, na Kiswahili kimefanya hivyo mahali ambapo mali na ukoo huamuliwa, yaani katika ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, baba huoza binti. Mnyambuliko wa kutendana, kuoana, upo, lakini humhitaji msemaji anayetaka kusisitiza kwamba tendo ni la wote wawili. Kamusi zetu zimelieleza tendo la kuoa kuwa la mwanamume.

Shina -ume nalo hubeba mengi kwa pamoja. Mume ni mwenzi wa mke, na vile vile ni kiumbe asiye jike. Kiume ni cha mwanamume, na vile vile ni cha ushujaa. Mkono wa kuume ni wa kulia. Kwa hiyo tukitaka kumtaja kwa Kiswahili mwanamke aliyetoa mahari akaoa, tunalazimika kuunda jina linalopingana lenyewe: mume-mwanamke. Lugha ya Wakipsigis na ya Wanandi, ambazo ni lahaja za Kikalenjin, huonyesha jinsia mahali pengine, katika kiambishi cha jina la mtu. Mtoto aliyezaliwa alfajiri ni Kipkoech akiwa wa kiume, na Chepkoech akiwa wa kike. Aliyezaliwa usiku ni Kipkemoi au Chepkemoi. Saa ya kuzaliwa ni moja na shina la jina ni moja. Kinachotofautiana ni kiambishi cha mbele peke yake.

Tusidhani kwamba sarufi huamua maisha ya watu. Kuna jamii nyingi zenye viwakilishi visivyo na jinsia na desturi zenye ukali kwa wanawake. Tunachodai ni kidogo zaidi: kwamba sarufi huhifadhi mgawanyo wa kazi uliokubaliwa na vizazi, na kwamba mgawanyo huo hudhihirika pale mtu mmoja anapojaribu kuvuka kutoka upande wa kutenda hadi upande wa kutendwa, au kinyume chake.

4. Mume aliye mwanamke

Katika desturi ya zamani ya Wakipsigis na Wanandi, mali ya mwanamume mwenye wake wengi haikuwa fungu moja. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilitengewa ng'ombe wake. Waliozaliwa katika nyumba hiyo ndio walioirithi, na hao walikuwa wana wa kiume. Nyumba isiyo na mwana ilikabiliwa na hatari ya kuzimika, na mali yake ingekwenda kwa wana wa mke mwenza au kwa ndugu wa mume.

Desturi ilikuwa na dawa ya tatizo hili. Mwanamke aliyepita umri wa kuzaa bila kupata mwana aliweza kutoa mahari akaoa msichana. Watoto ambao msichana huyo angewazaa walikuwa wa nyumba ya yule aliyemwoa, na mwanamume aliyewazaa hakuwa na dai juu yao. Ndoa hii haikuwa ya kimwili. Na mwanamke aliyeoa alitakiwa aachane kabisa na wanaume. Kuanzia siku hiyo alihesabiwa kuwa mume wa mkewe na baba wa watoto wake. Desturi za namna hii zinajulikana kwingineko pia. Wakurya wa Mkoa wa Mara nchini Tanzania wana nyumba ntobhu, na inafaa tuangalie kwamba jina lenyewe lataja nyumba, si mapenzi wala ndoa.

Mwaka 1980 mwanaanthropolojia Regina Smith Oboler alichapisha uchunguzi wake juu ya Wanandi, akiuliza wazi kama mume huyu aliye mwanamke ni mwanamume. Aliowahoji walimjibu bila kusita: ni mwanamume. Alipotazama mwenendo wa kila siku, hata hivyo, aliona kwamba wengi wa wanawake hawa hawakuyashika mambo yote ya kiume. Kwa nini basi jamii ilisisitiza kauli hiyo? Jibu lake ni kwamba tofauti ya mwanamume na mwanamke ilikuwa na uzito mkubwa zaidi katika kumiliki na kurithisha mali. Mwanamke aliyerithisha ng'ombe na ardhi akiwa mwanamke angeivunja kanuni yenyewe. Ilikuwa rahisi zaidi kubadili jina lake kuliko kubadili kanuni.

Miaka saba baadaye, mwaka 1987, Ifi Amadiume alitoa kitabu chake juu ya mji wa Nnobi katika nchi ya Waigbo, Nigeria, ambako nako palikuwa na wanawake waliooa wanawake na mabinti waliohesabiwa kuwa wana wa kiume. Yeye aliona katika desturi hizo ushahidi kwamba jinsia haikufungwa na mwili, na kwamba ukoloni na dini ngeni ndivyo vilivyoikaza. Hoja yake ni ya maana, nasi tunakubali kwamba mipaka ya kale ilikuwa na milango ambayo sheria za kikoloni ziliifunga. Lakini mlango si sawa na kuondolewa kwa ukuta. Katika nchi ya Wakipsigis na Wanandi mwanamke alipita mlangoni kwa kuuacha uke wake nje. Tena hakupita peke yake: nyuma yake alikuwako msichana aliyeolewa, ambaye kwa mwili wake nyumba ilipata mrithi, naye akabaki katika upande wa kutendwa. Maandishi mengi huwa na mengi ya kusema juu ya mume na machache juu ya mke huyu. Mtafiti wa kesho angefanya vema kuanza na yeye.

Hapa twaweza kurudi kwenye tasnifu ya mwaka 1871. Tabibu wa Kifaransa alimwona mwanamume mwenye dalili za kike akasema ameshuka. Wazee wa Kinandi walimwona mwanamke mwenye mali wakasema amepanda. Mabara ni mbali, lakini ngazi ni ile ile.

5. Jina katika daftari

Kilichofuata hakikuipindua ngazi hiyo. Kiliifunga milango yake. Reli ilileta walowezi, na sehemu kubwa ya nchi yenye rutuba kuanzia Fort Ternan hadi miinuko ya Kericho iligawanywa mashamba ya wageni. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya Kiingereza yalianza kupanda chai Kericho. Tangu miaka ya 1930 Wakipsigis wenyewe walianza kuzungushia mashamba yao ua kwa ajili ya mahindi, na umiliki wa mtu mmoja mmoja ukaanza kuchukua nafasi ya matumizi ya pamoja. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliufanya umiliki huo kuwa siasa ya serikali katika maeneo ya Waafrika, na sheria ya mwaka 1963 ya ardhi iliyosajiliwa ikampa aliyeandikwa katika hati mamlaka kamili.

Aliyeandikwa alikuwa nani? Kwa kawaida alikuwa mwanamume, mkuu wa kaya. Ng'ombe walikuwa wa nyumba ya mke hata kama mume ndiye aliyewasimamia. Hati ya ardhi haikuwa na mahali pa kuitaja nyumba ya mke. Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1964 ili kuwasimamia wakulima wadogo, iliwasajili wakulima kwa jina na namba, na malipo ya kila mwezi pamoja na bonasi ya mwaka yakafuata namba hiyo. Katika nchi ya Wakipsigis namba ilikuwa mara nyingi ya arap fulani, yaani mwana wa fulani, jina ambalo kwa maana yake yenyewe halimhusu mwanamke. Mikono iliyochuma majani mawili na chipukizi, ikajaza kikapu na kukipeleka mzanini, ilikuwa kwa sehemu kubwa ya wanawake. Dorthe von Bülow na Anne Sørensen, walioandika mwaka 1993 juu ya wakulima wadogo wa chai wa Kericho, walionyesha jinsi mgongano huu wa kazi na mapato ulivyoingia ndani ya nyumba. Mke asiye na uhakika wa kupata fungu katika bonasi hakuwa tayari kuutoa mkono wake wote kwa chai ya mumewe. Huo ni mgomo, ingawa hapana aliyeuita hivyo.

Desturi ya zamani ilimwambia mwanamke: utamiliki ukiitwa mwanamume. Daftari halikumwambia kitu. Lilimwacha nje bila kulazimika kutoa sababu, kwa kuwa lilijidai kuandika majina tu. Kwa maoni yetu huu ndio ubaguzi mgumu zaidi kuupinga, kwani haumo katika methali wala katika amri ya mzee. Umo katika safu ya fomu.

6. Kutoka maendeleo hadi katiba

Katika kipindi hicho hicho neno lililotawala lilikuwa maendeleo. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952 chini ya idara ya serikali ya kikoloni ya maendeleo ya jamii, mwaka ule ule ambapo hali ya hatari ilitangazwa Kenya. Vilabu vyake vilifundisha ushonaji, upishi, usafi na malezi. Tusivibeze, kwani wanawake wengi walijifunza humo kuendesha mkutano na kutunza fedha za pamoja. Hata hivyo somo la hati ya ardhi halikuwamo. Nchi jirani ilisema wazi zaidi: Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri kwamba wanawake wa vijijini huweza kufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ikajaribu kuziweka ndoa za aina zote chini ya sheria moja. Nchini Kenya miswada ya ndoa ya mwaka 1976 na 1979 ilikataliwa na Bunge. Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972, lakini haikuanza kutumika hadi mwaka 1981.

Julai 1985 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kufunga Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa. Maelfu ya wanawake walikuja, na maneno ukombozi na usawa yakaingia katika magazeti ya kila siku. Mwaka uliofuata Wambui Otieno alianza kudai mahakamani haki ya kumzika mumewe, wakili S. M. Otieno, na mwaka 1987 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba azikwe na ukoo wake, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya. Mjadala wa kesi hiyo ulikuwa wa ukabila, wa dini na wa sheria. Lakini kiini chake kilikuwa nafasi ya yule aliyeolewa mbele ya ukoo wa yule aliyeoa. Watu waliosoma sana walijikuta wakigombania kiambishi cha kutendwa.

Maneno mengine yalibadilika kimya kimya. Kilichoitwa tohara ya wasichana kilianza kuitwa ukeketaji, kutoka kitenzi kinachotaja kukata kwa kifaa kisicho kikali. Jina la kwanza lililiweka tendo hilo pamoja na la wavulana, katika safari ya utu uzima. Jina la pili lililitenga likalihukumu. Sheria ya mwaka 2011 iliyolipiga marufuku nchini Kenya ilikuja baada ya neno kuwa limekwisha kubadilika, na yafaa wanaisimu waliangalie jambo hili: mara nyingine kamusi hulitangulia bunge.

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyoleta badiliko kubwa zaidi. Ibara ya 27 yataka kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili. Ibara ya 60 yataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na desturi zinazohusu ardhi. Sheria ya Mali ya Ndoa ikafuata mwaka 2013. Kanuni ya thuluthi mbili haikutekelezwa bungeni, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mnamo Septemba 2020 alivunje Bunge, ushauri ambao haukufuatwa. Lakini tuangalie lugha ya ibara hizo. Mwanamke anatajwa kuwa mwenye haki ya ardhi bila kutakiwa kwanza awe mume, mjane au mama wa mwana.

Wakati huo huo desturi ya kale ilifika mahakamani. Mwaka 2011 Mahakama Kuu iliyoketi Mombasa ilitambua ndoa ya mwanamke wa Kinandi aliyeoa mwanamke, na kumkubali mjane wake pamoja na watoto kuwa wenye haki katika urithi, dhidi ya madai ya jamaa wa marehemu. Hapo, kwa mara moja, yule msichana wa upande wa kutendwa alipata jina lake katika hukumu. Miaka mitatu baadaye Sheria ya Ndoa ya 2014 ikaeleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Msomaji na autafakari mkanganyiko huu. Maadamu wazee walishikilia kwamba mume yule ni mwanamume, hawangeona mgongano wo wote kati ya desturi yao na sheria hiyo. Sisi tunaosema kwamba ni mwanamke ndio tunaouona.

Wala tusidhani kwamba katiba imemaliza kazi. Mnamo Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilitangaza uchunguzi wake juu ya wanawake wa mashamba makubwa ya chai ya Kericho waliosema kwamba wasimamizi waliwadai miili yao ili wapate kazi au waendelee nayo. Kwa wanawake hao swali la ufeministi halikuwa la kura wala la hati. Lilikuwa swali la kale kuliko yote, la mwili kuwa ada ya kuingilia mahali pa riziki.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba maana ya ufeministi imehama mara nyingi: kutoka hospitalini hadi katika sanduku la kura, kutoka maendeleo hadi ukombozi, kutoka haki hadi jinsia. Mtu aweza kukata tamaa akasema kwamba neno linalobadilika hivyo halina maana. Sisi tunaona kwamba lina maana, na kwamba nchi ya Fort Ternan inatusaidia kuitambua. Ufeministi ni dai kwamba mwanamke amiliki, arithishe, atawale na alipwe akiwa mwanamke, bila kupandishwa kwanza hadi jina la mwanamume na bila kufutwa kimya katika daftari. Kwa kipimo hiki mume-mwanamke wa Kinandi hakuwa mfeministi, ingawa alikuwa shahidi bora. Maisha yake yalithibitisha kwamba uwezo wa kumiliki haukutokana na mwili wa kiume, maana alimiliki bila kuwa nao. Waliomwita mwanamume walikuwa wakikiri jambo hilo hilo ambalo kanuni yao ililikana.

Kazi ya idara zetu haiishii katika kutafuta tafsiri safi ya neno lililotoka Ulaya. Tunapaswa kukusanya msamiati wa nyumba, mahari, urithi na maziko katika lugha zetu kabla wazee wanaoujua hawajaondoka, tukiwauliza wanawake waliooa na hata zaidi wale walioolewa nao. Tunapaswa pia kuyapitia upya maelezo ya kamusi zetu, tukianza na kitenzi kifupi cha -oa.

Kaburi la gavana wa Bomet liko Fort Ternan, katika kaunti ambayo hakuitawala. Wengine wataliona kuwa ushindi wa desturi, kwamba mwanamke huzikwa alikoolewa. Lakini watu wa Bomet walikwisha kutoa hukumu yao miaka miwili kabla, walipomchagua mwanamke aliyeolewa kwingine, aliyeendelea kuitwa kwa jina lake la kuzaliwa, wala hawakumtaka awe mwanamume kwanza.